Diane Pretty na mikono ya mumewe

Tarehe 27 Julai 2001, wakili wa mwanamke mmoja mkazi wa Luton, mji ulio kaskazini mwa London, alimwandikia barua Mkurugenzi wa Mashtaka wa Uingereza. Haikuwa barua ya malalamiko wala ya kukiri kosa. Iliomba ahadi: kwamba Brian Pretty akimsaidia mkewe Diane kujiua, kwa kuwa mke mwenyewe ndiye aliyetaka, hatashtakiwa. Jibu lilitoka tarehe 8 Agosti. Ahadi kama hiyo haitolewi.

Nakichambua kisa hiki kuanzia kwenye barua, si kwenye ugonjwa, ingawa ugonjwa ndio unaotangulizwa kila kinaposimuliwa. Wapo watu wengi waliosaidiwa kufa kimyakimya, usiku, na ndugu aliyebaki na siri hiyo mpaka naye akaingia kaburini. Diane na Brian waliuliza kwanza. Walibisha hodi serikalini mchana kweupe, wakataja majina yao, wakasema wanachotaka kufanya. Ugumu wa kisa hiki, kwangu mimi, umo ndani ya hodi hiyo.

Diane aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa neva za misuli, ambao Waingereza huuita kwa kifupi MND, mwezi Novemba 1999. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli hufa polepole, na misuli isiyopata amri hulegea. Mkono unakosa nguvu, mguu unafuata, ulimi unakuwa mzito, koo linashindwa kumeza, na mwisho kifua chenyewe kinashindwa kuvuta hewa. Dawa ya kuuzuia haipo. Kesi yake ilipofika mahakamani alikuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini, maneno yake hayaeleweki tena, analishwa kwa mrija. Akili yake ilikuwa timamu, na hakuna jaji aliyelitilia shaka hilo. Nyumbani aliishi na mume wa miaka 25 ya ndoa, binti yao na mjukuu. Kifo alikuwa ameshakikubali. Alichokiogopa ni namna ya kufa: kukosa pumzi huku akijua kila kinachomtokea.

Sheria iliyomzuia ni ya mwaka 1961. Ilifanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Kwanza ilifuta kosa la kujiua, na pamoja nalo kosa la kujaribu kujiua. Kisha, katika kifungu cha 2, ikasema atakayemsaidia mwenzake kujiua atafungwa hadi miaka 14. Mtu akisoma kwa haraka ataona kichekesho: unasaidia jambo lisilo kosa, halafu wewe unafungwa. Lakini Bunge lao halikusema kwamba kujiua ni haki. Lilisema tu kwamba mtu aliyekata tamaa kiasi hicho anahitaji kuuguzwa, si kupandishwa kizimbani. Aliyemsogezea njia ni habari nyingine.

Kwa hili, sisi tulirithishwa sheria ambayo mwenyewe alikuwa ameshaitupa. Waingereza waliifuta kwao Agosti 1961. Tanganyika ikapata uhuru Desemba mwaka huohuo ikiwa na kanuni ya adhabu ya mkoloni vilevile, na kifungu cha 217 kinachohesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilibaki na chake, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Kumsaidia mtu kujiua, nchi zote mbili, adhabu yake ni hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Kisumu asidhani kisa cha Diane ni cha watu wa mbali wenye sheria za ajabu. Mzizi wa sheria zile na hizi zetu ni mmoja.

Rudi kwenye barua. Sheria ileile ya 1961 inasema hakuna atakayeshtakiwa kwa kosa hilo bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Huo ni mlango wa huruma, lakini hufunguliwa baada ya tendo: polisi wakishachunguza, jalada likishafika mezani, Mkurugenzi anaweza kusema kwamba mume huyu alitenda kwa mapenzi na kumshtaki hakuna faida kwa umma. Diane aliomba mlango ufunguliwe kabla.

Mahakama ilikataa tarehe 17 Oktoba. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, likakataa tarehe 29 Novemba 2001. Lord Bingham, aliyeandika hukumu kuu, alieleza kwamba Mkurugenzi hana mamlaka ya kumsamehe mtu kosa ambalo bado halijatendeka, na hata kama angekuwa nayo, asingepaswa kuitumia hapa. Hakuwa na njia ya kuhakikisha aliyoambiwa. Barua haikusema Diane angekufa kwa njia gani. Haikutaja daktari yeyote wa kusimamia. Tena hali yake ilikuwa inazidi kuwa mbaya, na ilikuwepo hatari ya wazi kwamba siku ikifika yeye mwenyewe asingeweza kufanya lolote, na tendo zima likabaki mikononi mwa Brian. Hapo si kusaidia tena. Hapo ni kuua, na kuua ni kosa jingine kabisa.

Hoja hii nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta pa kuibishia, na sikupapata. Ningekuwa mimi niliyekaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, nisingeisaini ile ahadi. Mume, mke asiyeweza kusema, chumba chao, hakuna daktari, hakuna shahidi, na mkononi mwa mume karatasi ya serikali iliyosainiwa kabla: karatasi hiyo ingemfaa Brian, ambaye kila aliyemwona alimwamini. Kesho ingeombwa na mume mwingine.

Lakini tazama inapotufikisha. Brian angetenda kimya bila kumuuliza mtu, angekuwa na matumaini ya kuhurumiwa. Kwa kuwa aliuliza, hana. Sheria inamwambia mtu mwaminifu: usingeniambia, pengine ningekuelewa. Mzazi yeyote aliyelea watoto anajua nyumba inayoendeshwa hivyo inazaa watoto wa aina gani.

Lipo na lingine, ambalo mawakili wake walilitaja na ambalo naona lilijibiwa kwa udhaifu kuliko yote. Mtu mwenye mikono mizima akiamua kufa, sheria haimgusi. Diane alikuwa na hiari ileile, lakini hakuwa na mikono. Je, huo si ubaguzi dhidi ya mlemavu? Majaji walijibu kwamba sheria ni moja kwa wote, na kwamba ukianza kuwatoa wasiojiweza upande mmoja na kuwaacha wengine upande wa pili, utabomoa ukuta unaowalinda wanyonge. Kwa sheria ni jibu linalosimama. Kwa Diane lilikuwa na maana nyingine: ungejiua mapema, wakati vidole vinafanya kazi. Sheria iliyowekwa kulinda uhai, kwa mgonjwa kama yeye, inageuka kumhimiza afe miezi kadhaa kabla ya siku ambayo mwenyewe angeichagua. Hakuna jaji aliyekusudia hivyo. Ila ndivyo hesabu inavyotoka.

Alikata rufaa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akasafiri hadi Strasbourg, Ufaransa, iliko mahakama hiyo, na hali yake ile, akakaa ukumbini pamoja na mumewe tarehe 19 Machi 2002 kesi ilipofunguliwa.

Siku tatu baadaye, London, ikatoka hukumu ya mwanamke mwingine.

Jina lake halikutangazwa. Mahakama ilimwita Bi. B. Naye alikuwa na miaka 43, sawa na Diane. Mshipa ulivuja damu kwenye uti wa mgongo wake, akapona, akarudi kazini, kisha mwaka 2001 hali ikarudi kwa nguvu. Alipooza kuanzia shingoni, akawa anaishi kwa mashine ya kupumulia. Akili timamu. Aliomba mashine izimwe, akaomba tena, kwa miezi. Madaktari wake walikataa. Walimpa njia nyingine: kupunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Alikataa, kwa sababu aliona hiyo ni kumfisha taratibu badala ya kumsikiliza.

Jaji Elizabeth Butler-Sloss alikwenda mwenyewe hospitalini kumsikiliza akiwa kitandani. Tarehe 22 Machi alitamka kwamba Bi. B ana uwezo wa kujiamulia, na mtu mwenye uwezo huo ana haki ya kukataa tiba yoyote hata kama kuikataa kutamuua. Kumbakiza kwenye mashine bila ridhaa yake kulikuwa ni kuuingilia mwili wake kinyume cha sheria. Fidia aliyoamriwa kulipwa ilikuwa pauni 100, ya alama tu. Akahamishiwa hospitali nyingine ambako madaktari walikubali, na akafariki usingizini tarehe 24 Aprili. Kifo chake kilitangazwa Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2002.

Jumatatu hiyohiyo, Strasbourg ilitoa hukumu ya Diane. Alishindwa, kwa kauli moja.

Wanawake wawili wa umri mmoja, wote wamepooza, wote wana akili zao, wote wanataka kufa. Mmoja sheria ilimpa daktari na usingizi, na wa pili ikamwambia arudi nyumbani. Tofauti yao ni mashine. Aliyekuwa na mashine alikuwa na kitu cha kukataa. Diane alikuwa bado anapumua mwenyewe, hakuwa na cha kuzimiwa.

Wanasheria na wanafalsafa wa tiba wanaieleza tofauti hii kwa maneno mawili: kuacha na kutenda. Daktari anayezima mashine haui. Anaacha kuzuia, na ugonjwa ndio unaoua. Anayempa mtu kitu cha kumuua ametenda. Sikatai kwamba tofauti hiyo ipo. Bila hiyo hakuna mgonjwa angeweza kukataa upasuaji au kuomba arudishwe nyumbani akafie kwake. Lakini wasikilize wale madaktari wa kwanza wa Bi. B. Walikuwa wamemuuguza muda mrefu, wamemzoea, wanajua anacheka kwa lipi. Walipoambiwa wazime, waliona ni kama kumuua kwa mikono yao. Kwenye vitabu ule ulikuwa kuacha. Kwa mtu ambaye kidole chake ndicho kingebonyeza swichi, ulikuwa kutenda. Jaji alilitambua hilo na akazungumza nao kwa upole, ingawa aliamua dhidi yao. Sijui mahali pengine ambapo mstari huu umeonekana wazi hivyo kwamba umechorwa na anayetazama kutoka mbali.

Na mstari huu kwetu unapita mahali pengine kabisa. Mjomba wangu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine, siku ya tisa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido, watu sita, na kaka mkubwa ameshika karatasi ya bili ameikunja mara nne. Daktari alipita, kaka akainuka, akamsalimu, akamuuliza kama kuna matumaini. Daktari akasema tuendelee kuomba. Akaondoka. Kaka akaketi, akaifungua karatasi, akasema bila kumtazama mtu, “Jamani, turudi naye nyumbani.” Hakuna aliyejibu. Shangazi akaanza kulia kwa sauti ya chini, na hilo likawa ndilo jibu. Hakuna aliyetamka neno kuua wala kuacha. Kisheria hatukufanya kosa lolote. Mjomba mwenyewe hakuulizwa kitu, wakati huo hakuwa na fahamu, lakini hata miezi mitatu kabla, alipokuwa anakaa barazani na kunywa chai, hakuna aliyemuuliza angependa nini. Kwetu habari mbaya anaambiwa ndugu, mgonjwa anafichwa. Bi. B alipiganiwa ili neno lake lisikike. Yetu yaliamuliwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, nami nilikuwepo nikanyamaza.

Naitaja habari hiyo kwa sababu mara nyingi nasikia watu wakisema mjadala huu ni wa Wazungu, sisi tunawapenda wagonjwa wetu hadi mwisho. Tunawapenda kweli. Lakini maamuzi ya nani aachwe afe yanafanyika kwetu kila wiki, kwenye korido, bila jina.

Strasbourg, pamoja na kumkatalia, ilisema jambo moja lililobaki. Mawakili wake walikuwa wametaja haki nyingi. Haki ya kuishi, kwamba ina ndani yake haki ya kufa; mahakama ikasema hapana, huwezi kuigeuza haki ikawa kinyume chake. Kutotendewa ukatili, hapana, serikali haikumtendea, ugonjwa ndio unaomtenda. Uhuru wa imani; haraka, hapana. Lakini walipofika kwenye haki ya kuheshimiwa kwa maisha binafsi walisita. Walisema hawawezi kukana kwamba kumzuia mtu asiepuke mwisho anaouona ni wa fedheha na mateso ni kuyaingilia maisha yake binafsi. Kisha wakasema kuingilia huko kunaruhusiwa, kwa ajili ya kuwalinda wanyonge. Alishindwa, lakini kuanzia hapo serikali ilipaswa kueleza sababu kila inapomzuia mtu kama yeye.

Diane aliwaambia waandishi wa habari, kwa kifaa chenye kibodi kilichofungwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kwamba sheria imemnyang'anya haki zake zote.

Siku chache tu baada ya hukumu pumzi zikaanza kumsumbua. Alipelekwa hospisi, nyumba ya kuwahudumia wagonjwa walio karibu kufa, huko Luton, akahangaika kabla ya madaktari kufanikiwa kumtuliza, kisha akaingia kwenye usingizi mzito. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Mei 2002. Brian alisema mkewe alipitia kilekile alichokiogopa, naye hakuweza kumsaidia. Daktari wa hospisi alisema alikufa kwa amani, kifo cha kawaida. Baadhi ya watu wameyachukua maneno haya mawili na kuyagombanisha, kana kwamba lazima mmoja anasema uongo. Aliyewahi kukesha na mtu anayekata roho anajua yote mawili huingia kwenye wiki moja. Zipo siku ngumu, halafu zinakuja saa za utulivu. Daktari alizungumzia saa za mwisho. Mume alizihesabu na zile siku.

Hapa lazima niseme ninachoamini kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa sababu mara nyingi hutajwa kama jibu la kila kitu. Si jibu la kila kitu. Lakini mahali ambapo haipo, swali la kuchagua kifo haliwezi hata kuulizwa kwa haki. Nchini Uganda tangu mwaka 1993, kupitia kazi aliyoianzisha daktari Anne Merriman, wagonjwa wa saratani wamekuwa wakinywa mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, wakiwa majumbani mwao, na baadaye sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Mgonjwa anayepiga kelele usiku kucha kwa kukosa chupa hiyo, akisema anataka kufa, hajachagua kitu. Diane alikuwa na yote hayo, hospisi iko mjini kwake, na bado alitaka mlango mwingine. Ndiyo maana kisa chake kinasimama, hakijibiwi kwa kumwambia alikosa huduma.

Barua yake ilifanya kazi baada yake. Mwaka 2009 mwanamke mwingine, Debbie Purdy, hakuomba ahadi ya kutoshtakiwa. Aliomba tu Mkurugenzi wa Mashtaka aeleze hadharani anatazama mambo gani anapoamua kushtaki au kuacha, ili mumewe ajue hatari ya kushtakiwa akimsaidia kufa. Alishinda, kwa kutumia mlango uleule wa maisha binafsi uliofunguliwa Strasbourg. Februari 2010 mwongozo ukatoka, na Mkurugenzi aliyeutoa alikuwa Keir Starmer. Aliyesaidia kwa huruma tu, bila kushawishi, na mgonjwa aliyeamua kwa hiari na akili timamu, wako upande wa kutoshtakiwa; anayefaidika na kifo, upande wa pili. Aliyeuliza kabla hakupewa ahadi, lakini angalau hakurudishwa akiwa gizani.

Tarehe 29 Novemba 2024, miaka 23 kamili tangu Malodi walipomkatalia Diane, wabunge wa Uingereza waliupigia kura mswada wa kuwaruhusu watu wazima waliobakiwa na miezi sita au chini yake kusaidiwa kufa: 330 waliunga mkono, 275 walipinga. Starmer, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alipiga kura ya ndiyo. Humo yamo aliyoyakosa Lord Bingham kwenye barua ya 2001, madaktari wawili na usimamizi tangu mwanzo. Kwa mswada huo, mume asingehitaji tena kubeba jambo peke yake chumbani.

Lakini kimo pia kifungu kinachosema dawa iliyotolewa ataichukua mgonjwa mwenyewe, na tendo la mwisho litakuwa lake, si la daktari wala la mtu mwingine yeyote. Nilipokisoma nilirudi kwenye ile picha ya Strasbourg: kiti cha magurudumu, kibodi, mwanamke aliyepooza kuanzia shingoni, na Brian kando yake.